Wageni wa Zambia na Kifipa Nilichokificha

Jumapili, alasiri. Upepo umevuma tangu alfajiri, ule wa mwezi wa saba unaopuliza vumbi la mtaa wetu wa Kizwite, hapa Sumbawanga, mpaka ndani ya vikombe. Nimevaa masweta mawili na bado vidole vina ganzi. Sina huzuni wala furaha. Nimechoka tu, kama mtu aliyeshinda anafua nguo za msiba.

Nimerudi sasa hivi kutoka Kasense, nyumbani kwa mwanafunzi wangu mmoja. Nitafika huko. Kwanza niandike wiki ilivyokwenda, maana nikianzia mwisho nitajionea huruma, na sitaki.

Wageni wetu waliondoka jana. Walikuwa wanafunzi wanane na mwalimu wao, kutoka shule moja ya kaskazini mwa Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasesya. Kwao ni karibu kuliko Mbeya. Mpango ulikuwa waje kwetu wiki moja, walale majumbani kwa wanafunzi wetu, wakae madarasani nao, na mwezi wa tisa wanane wetu waende kwao. Barua zote za mpango huo niliandika mimi. Nafundisha Kiingereza, kwa hiyo kila kitu chenye Kiingereza huwekwa mezani kwangu.

Mimi ndiye pia niliyechagua nani apokee mgeni. Nilichagua kwa Kiingereza. Aliyeweza kuongea dakika mbili bila kukwama, alipata mgeni. Skolastika, binti wa kidato cha tatu, alinyoosha mkono akasema kwao Kasense kuna chumba na baba yake ameshakubali. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba Kiingereza chake kingetuaibisha.

"Sawa, mwalimu," alisema, akakaa.

Skolastika ndiye aliyevaa kibao mara nyingi kuliko mwanafunzi yeyote mwaka huu. Kibao ni kipande cha mbao chenye kamba. Anayesikika akiongea Kifipa, lugha ya huku, eneo la shule anavalishwa shingoni, anakaa nacho mpaka asikike mwingine. Utaratibu huo niliuanzisha mimi, miaka saba iliyopita. Matokeo ya Kiingereza yalipanda kidogo na nikapongezwa. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena.

Sasa niandike lile ambalo sijawahi kuliandika popote, hata hapa.

Mimi ni Mfipa. Kifipa ndiyo lugha yangu ya kwanza, niliota kwa Kifipa mpaka nikafika sekondari. Lakini shuleni kwetu walimu wote na wanafunzi wote walikuwa wanaamini kwamba sikijui. Niliwaambia nimelelewa na mjomba Morogoro. Morogoro nilikwenda kusoma chuo, basi. Huko chuoni nikisema natoka Sumbawanga watu walikuwa wanasogeza viti, wanacheka, wananiuliza kama nimekuja kwa basi au kwa ungo. Wakanicheka na lafudhi. Nikaifanyia kazi lafudhi mpaka ikatoka. Niliporudi kuajiriwa hapa, siku ya kwanza ofisini, mwenzangu mmoja aliniambia naongea kama mtu wa pwani. Nilifurahi. Uongo ulianzia pale, na baada ya hapo ulijiendesha wenyewe.

"Sielewi hayo maneno yenu," nimewaambia wanafunzi kwa miaka yote hiyo. Wamezoea. Wakitaka kunisema wananisema kwa Kifipa nikiwa nimesimama palepale. Nimesikia mengi.

Wageni walifika Jumapili iliyopita, jioni. Jumatatu asubuhi ukumbini wanafunzi wangu walisema sentensi nilizowakaririsha. Wageni walijibu kwa Kiingereza chepesi, cha watu waliokizoea tangu madarasa ya chini, wakauliza maswali. Hapo ndipo palipokwama. Sikuwa nimewakaririsha majibu ya maswali.

Jumatatu na Jumanne zilipita hivyo. Wakati wa chai wageni walijikusanya chini ya ukuta wa maabara na simu zao, wetu wakajikusanya upande wa bomba. Rukia, binti wa familia yenye duka na malori pale mjini, ndiye aliyempokea msichana mmoja anaitwa Memory. Rukia ana Kiingereza kizuri na alijitahidi kwa wote, ila hata yeye Jumanne jioni aliniambia maneno yamemwishia. Mkuu wa shule aliniita akaniuliza kama nilikuwa nimewaandaa hawa watoto au la.

Jumatano tulipanga kwenda kuona uvunaji wa ulezi. Mwenye shamba tuliyemwomba alifiwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Mkuu akakumbuka kwamba mama yangu analima, huko kijijini, saa moja kwa gari. Sikupata sababu ya kukataa iliyoeleweka. Nikampigia mama simu, nikamwomba jambo moja: aongee Kiswahili tu. Mama akasema, "Haya, mwanangu. Nitaongea hicho."

Tulikodi Kosta mbili. Wageni, wenyeji wao, na kidato cha tatu wote, Skolastika akiwemo.

Mama alitupokea vizuri. Aliongea Kiswahili kama alivyoahidi, kile cha taratibu anachokitumia kwa mabwana shamba. Alikuwa na wanawake watano wanakata masuke ya ulezi kwa visu vidogo. Wanafunzi walisimama pembezoni mwa shamba. Nilikuwa natafsiri: mama anasema hivi, ulezi unapandwa vile. Wageni walikuwa wanatikisa vichwa kwa adabu. Baadaye niligundua walikuwa wanaujua ulezi kuliko nilivyoujua mimi.

Memory ndiye aliyetoka kwenye kundi. Alisogea mpaka alipokuwa mama, akapiga magoti, akapiga makofi mawili matatu ya taratibu, akamsalimia. Hakumsalimia kwa Kiingereza. Alitumia lugha ya kwao, Kimambwe. Alimwita mayo, yaani mama.

Mama aliitika. Hata hakushangaa, aliitika tu kama anavyoitikia salamu ya kila siku, kisha akauliza habari za nyumbani kwao, na Memory akajibu. Ndipo mama akashtuka, akakitupa kisu chini, akamshika yule binti mabega yote mawili, akaanza kucheka.

Niwe mkweli: nilijua. Kila Mfipa aliyekaa na wazee anajua kwamba sisi na Wamambwe tunasikilizana. Kwa mwaka mzima wa kuandika barua lilinipitia kichwani zaidi ya mara moja, nikalinyamazia, kwa sababu mpango ulikuwa wa Kiingereza na mimi nilikuwa mtu wa Morogoro.

Skolastika aliingia kati yao. Alirudia neno moja la Memory, akalisema kwa namna ya Kasense, wote wakacheka, na wanawake wenye visu wakalisema kwa namna ya kwao. Wavulana wawili wa Zambia wakaja. Wanafunzi wangu ambao kwa siku mbili hawakuwa na la kusema walianza kusema wote kwa pamoja. Waliulizana jembe mnaliitaje, moto mnauitaje, dada ya baba mnamwitaje. Maneno mengine yalikuwa yaleyale, mengine yamepinda kidogo, na yale yaliyopinda ndiyo yaliyowachekesha zaidi. Mmoja alisema neno ambalo upande mmoja ni la kawaida na upande mwingine ni tusi. Mama alilazimika kukaa chini kwa kicheko.

Nilisimama na daftari langu. Hakuna aliyehitaji tafsiri.

Kisha mama akageuka, machozi ya kicheko usoni, akanipigia kelele kwa Kifipa, kwa jina langu la utotoni, niende jikoni nikaangalie uji wa wageni usije ukamwagika.

Nikamjibu. Kwa Kifipa. Nilisema nimeshautoa motoni, nimeufunika na kifuniko kile kikubwa. Yalitoka yote, na lafudhi yake, kabla sijajua.

Wageni hawakuona kitu. Wanafunzi wangu walinyamaza, mmoja baada ya mwingine, kama taa zinazozimwa. Kuna waliobana midomo. Mmoja nyuma alisema "loo!" Ningeweza kuvumilia kicheko. Nilipomtazama Skolastika hakuwa anacheka. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayepiga hesabu kichwani.

Nilijua ni hesabu gani.

Mwezi wa tatu mwaka huu, siku niliyokuwa mwalimu wa zamu, wakati wa mapumziko, shangazi yake alikuja kwenye uzio wa shule akamwita, akaongea naye kidogo, akaondoka mbio kurudi hospitali. Skolastika aligeuka akamkimbilia rafiki yake huku analia, anasema kwa Kifipa. Nilikuwa hatua nne kutoka kwao. Alisema bibi amepelekwa hospitali, ulimi umeanza kuwa mzito, anamtaja yeye tu, anataka kumwambia kitu kabla hajashindwa. Bibi huyo ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

Mtaaluma, mwalimu anayesimamia masomo, alikuwa amesimama kando yangu, na alikuwa amefika shuleni wiki mbili tu kabla ya siku ile. Nikasema ninachokisema siku zote, kwamba sielewi hayo maneno, na kwamba aseme kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza binti alipata sentensi moja, kwamba bibi yake anaumwa. Alijaribu kuongeza kwa Kiswahili, nikamkatiza. Nikamwambia wengi wanaumwa, arudi darasani, ataondoka saa tisa na wenzake. Nikamvalisha kibao.

Nilisikia yote mawili, Kifipa chote na ile sentensi moja. Nikafuata kile Kiingereza.

Aliondoka saa tisa. Bibi yake alikuwa ameshanyamaza tangu saa sita. Aliishi siku tatu zaidi, macho wazi, bila neno. Nilikwenda kwenye mazishi na walimu wenzangu, nikatoa rambirambi, nikarudi kusahihisha madaftari.

Tulipokuwa tunarudi kutoka shambani kwenda kwenye Kosta, Skolastika alipunguza mwendo mpaka tukawa sambamba. Mbele yetu wenzake walikuwa wanaimba wimbo ambao kumbe unaimbwa pande zote mbili. Aliniuliza kwa Kifipa. Ilikuwa mara ya kwanza mwanafunzi kuongea nami kwa Kifipa.

"Mwalimu, siku ile ya bibi. Ulielewa nilichosema?"

"Nilielewa," nilisema.

"Chote?"

"Chote."

Alitembea na mimi hatua kama kumi hivi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, au kwa maneno makali. Alisema "haya" tu, akaongeza mwendo, akamshika Memory mkono.

Alhamisi na Ijumaa zilikuwa zile siku ambazo mpango wetu ulizitaka. Wageni na wenyeji hawakutenganika tena. Walipika pamoja, walicheza mpira, walisaidiana hesabu, na ajabu, hata Kiingereza cha wanafunzi wangu kilifunguka, maana sasa kila mmoja alikuwa na kitu anachotaka kukisema na mtu wa kumwambia. Rukia peke yake alipoa. Kwao wanaongea Kiswahili tu, baba wa babu yake alikuja hapa na biashara. Alinijia akasema, "Mwalimu, sasa mimi ndiye mgeni." Alhamisi jioni Memory alimwandikia maneno thelathini kwenye karatasi, ya Kimambwe upande mmoja, Skolastika akajaza ya Kifipa upande wa pili. Ijumaa Rukia alikuwa ameshayajua.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa mkuu wa shule nikamweleza. Kuhusu Morogoro, kuhusu kibao, kuhusu siku ile ya mwezi wa tatu. Alinisikiliza huku anapanga karatasi za sherehe ya kuaga. Alisema yameshapita, mwalimu, tusiharibu shughuli ya watu. Kuhusu kibao alisema kitajadiliwa kwenye kikao. Nikamwomba Skolastika aingizwe kwenye wanane wa kwenda Zambia. Hilo alilikubali mara moja, akafurahi, akaliandika.

Mchana, mbele ya wazazi na wageni, mkuu alinisifu kwa ubunifu wa kutumia lugha za nyumbani kuwaunganisha vijana. Watu walipiga makofi. Nilisimama, nikainama kidogo, nikakaa. Hili nalo niliandike: ningeweza kusema na sikusema.

Jana asubuhi basi la wageni lilipokuwa linapakia mizigo, baba yake Skolastika alinifuata. Ni mkulima, mtu mrefu, mwenye koti la kanisani.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba, mwalimu. Skola ametueleza." Alivua kofia. "Sitaki tuongee barabarani. Kesho baada ya misa uje nyumbani. Yule shangazi yake atakuwepo. Uyaseme pale alipokuwa anakaa mama yangu."

Hakuwa na hasira iliyoonekana. Alisema kama anayenipangia zamu ya maji. Nikasema nitakuja.

Wasichana walilia kwenye madirisha ya basi, wavulana walijifanya wanakagua matairi. Memory alinishukuru, akaniuliza kwa Kiingereza kama mama yangu anaendelea vizuri na mavuno. Nikamjibu kwa Kifipa. Alitabasamu. Basi likaondoka na vumbi lake.

Leo nimekwenda. Bodaboda aliniacha njiani nikamalizia kwa miguu, nilitaka kuchelewa kidogo. Walikuwa wamekaa ndani, baba, shangazi, na Skolastika kwenye kigoda karibu na mlango. Kulikuwa na kiti kimoja kitupu, nikaonyeshwa nikikalie.

Niliyasema kwa Kifipa. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu jana, yakapotea, nikasema tu kilichotokea kwa mpangilio wake: nilisikia nini, nilielewa nini, nilifanya nini, nani alikuwa amesimama kando yangu. Sikumtaja mtaaluma kama sababu. Ilichukua muda mfupi sana. Nilishangaa jambo kubwa namna ile linavyokwisha haraka likisemwa.

Shangazi ndiye aliyeongea kwanza.

"Kutoka shuleni kwenu mpaka hospitali ni muda gani kwa bodaboda?"

"Dakika kumi."

"Kwa hiyo angewahi."

"Angewahi," nilisema.

Shangazi alitikisa kichwa mara kadhaa, taratibu. Akasema kwamba asubuhi ile alikuwa anamwambia mgonjwa mtoto anakuja, mtoto yuko njiani. Alimwambia hivyo mpaka saa sita. Kisha akainuka akatoka nje, na hakurudi mpaka nilipoondoka.

Baba alinishukuru kwa kuja. Alileta ugali wa ulezi na maharage mwenyewe, akanawa, tukala mimi na yeye. Nilikula kwa sababu alikula. Tuliongea kidogo kuhusu bei ya mbolea. Hakusema amenisamehe na mimi sikuliomba neno hilo, nilihofia angelitoa kwa heshima tu.

Nilipoaga, nikamweleza Skolastika kwamba jina lake liko kwenye orodha ya Zambia. Alikuwa ameshaambiwa. Memory amemwahidi atalala kwao.

"Nitakwenda, mwalimu," alisema. Alitazama chini, kisha akaninyanyulia uso. "Ila naomba atupeleke mwalimu mwingine."

Baba yake alitaka kumkemea. Nikamwomba amwache.

"Sawa," nilisema.

Niandike na hili, kwa kuwa ni shajara. Safari ile niliitaka mno. Nina miaka thelathini na sita na sijawahi kuvuka mpaka wowote. Pasipoti yangu ilitoka mwezi wa tano, iko mpya kabisa, picha nimetoka vizuri. Nilipokuwa natembea kurudi barabarani nilijikuta natafuta njia: labda akifikiria tena, labda kufikia mwezi wa tisa atakuwa amepoa, labda mkuu atasema hakuna mwalimu mwingine mwenye Kiingereza. Nilitafuta mpaka nikafika kituo cha bodaboda. Nikaona ninachokifanya.

Ameniomba jambo moja, kwa lugha ninayoielewa.

Nimeshaandika barua. Ni fupi, iko kwenye mkoba. Nimempendekeza mwalimu wa jiografia, ni mtu mtulivu na wanafunzi wanampenda. Kesho saa moja na nusu, kabla ya mstari wa asubuhi, nitampa mkuu mkononi.